Mafunzo Niliyopata Kwenye Ukaguzi wa Pamoja wa Vyuo vya Tiba

Mimi ni daktari na mwalimu wa tiba hapa Tanzania. Nimekuwa nikiitwa kwenye timu zinazokagua vyuo vya tiba na meno kwa niaba ya mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkaguzi wetu hukaa meza moja na wenzake wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Kazi hiyo imenifunza haya.

1. Mkataba peke yake hausajili daktari. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ilianza kutumika Julai 1, 2010, na ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma. Hata hivyo, leseni hutolewa na baraza la kila nchi kwa sheria za nchi hiyo. Msajili wa baraza la Kenya hamsajili Mtanzania kwa sababu tu marais walitia saini. Anataka kukijua chuo alikosoma, na ukaguzi wa pamoja ndio unaomjulisha.

2. Ukaguzi uanzie wodini. Chuo kinaweza kuwa na maktaba nzuri na maabara mpya, kumbe hospitali yake ya kufundishia haina wagonjwa wa kutosha. Nimewahi kukuta wanafunzi wamesongamana kando ya kitanda kimoja, wa nyuma hata mgonjwa hawamwoni. Kwa fomu moja ya ukaguzi tunahesabu vitanda na walimu wa kudumu, kisha tunawauliza wanafunzi wamewahi kuzalisha akina mama wangapi. Hapo mkaguzi mgeni ana faida kubwa: anauliza bila haya swali ambalo mwenyeji hulimeza kwa kuwa mkuu wa chuo alikuwa mwalimu wake.

3. Miaka ya darasani isitugombanishe. Shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka 5 Tanzania na Uganda, na miaka 6 Kenya. Kisha kote hufuata mwaka mmoja wa mafunzo tarajali. Mijadala ya kutambuliana sifa hukwama kwenye idadi ya miaka. Hukwamuka tunapouliza kijana huyu anaweza kufanya nini anapomaliza utarajali: kumpasua mama ambaye uzazi wake umekwama, kumwongezea damu mtoto, kumtambua mapema mgonjwa wa kupewa rufaa. Hayo ndiyo ya kupima.

4. Taarifa za nidhamu zimtangulie mhusika. Daktari aliyesimamishwa nchi moja asipate mwanya wa kuanza upya nchi ya jirani. Barua ya kuthibitisha mwenendo wake itoke baraza la kwao moja kwa moja hadi baraza la ugenini, isipite mikononi mwake. Wasajili waliokagua pamoja wanafahamiana, na anayefahamiana na mwenzake hapati shida kumpigia simu.

5. Ushirikiano uanzie nyumbani. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, Bara ina Baraza la Madaktari Tanganyika na Zanzibar ina baraza lake. Wauguzi na wakunga wana lao, wafamasia lao. Lakini hospitali moja ya kufundishia hupokea wanafunzi wa fani nyingi. Kila baraza likija kivyake, linahesabu vitanda vilevile kana kwamba ni vya wanafunzi wake peke yao. Mabaraza yakikaa pamoja, itajulikana hospitali hiyo inaweza kubeba wanafunzi wangapi kwa jumla.

Nawaomba wasajili na wizara zetu watenge fedha za ukaguzi wa pamoja kila mwaka, na matokeo yake yawekwe wazi kwa wananchi. Nawe mzazi, kabla hujalipa ada, uliza baraza kama linakitambua chuo hicho. Mgonjwa aliyelazwa hana namna ya kukagua cheti cha anayemtibu. Sisi ndio tuliokabidhiwa kazi hiyo, na inawezekana tu tukiifanya pamoja.