Mdogo Wangu, Panda Paa Kwanza

Mdogo wangu, njoo tuongee. Nimesikia unataka kuongoza kampuni ya sola, tena usimame mbele ya kamati ya Bunge pale Nairobi kuitetea nishati ya jua. Sikucheki, ndoto hiyo njema. Kinachonitia wasiwasi ni pupa yako. Kadi za ukurugenzi umeshachapisha, na paa hujapanda hata moja!

Usinune. Wengi mko hivyo, na si dhambi. Mnaona vyaelea, mnasahau vimeundwa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anza na leseni ya ufundi kutoka EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati. Tangu kanuni za 2012, mafundi wa sola Kenya wamegawanywa madaraja, T1 hadi T3, na kufunga mitambo bila leseni ni kosa, si ujanja wa mjini. Hata kama hutashika bisibisi maisha yako yote, ujue kwa nini betri ya mteja imekufa mapema, fundi wako asikudanganye, nawe usimdanganye mteja.

Halafu hesabu, hapo ndipo mnaponikimbia. Biashara ya lipa mdogo mdogo ni tamu ikisimuliwa. Paneli unaziagiza kwa dola, mteja anakulipa shilingi, kidogo kidogo, kwa simu. Mapema 2024 dola ilipofika kama shilingi 160, aliyekopesha kwa bei ya zamani aliumia hata kama wateja wake walilipa bila kukosa. Mvua nayo ikigoma, mkulima anashindwa kulipa, na wewe ndiye unayezima taa kwenye nyumba yenye watoto wanaosoma. Inauma, mdogo wangu. Ukiuzoea uchungu huo utakuwa katili. Ukiuendekeza utafunga duka. Kwa hiyo mkopo upange kwa msimu wa mavuno tangu siku ya kwanza.

Sasa siasa unayoitamani. Aprili 2020, watu wakihangaika na corona, sheria ya kodi ilibadilishwa na vifaa vya sola vikapoteza msamaha wa VAT. Bei zikapanda, na aliyeumia zaidi ni yule wa kijijini asiye na umeme. Wafanyabiashara wa sekta, kupitia vyama kama KEREA, walipeleka hoja, na Sheria ya Fedha ya 2021 ikaurudisha msamaha. Umeona? Mstari mmoja wa sheria unaweza kula mtaji wote, hata kama wewe ni muuzaji hodari. Kwa hiyo jiunge na chama cha wenzako mapema, usingoje kuungua. Muswada wa Fedha huja kila mwaka. Usome kabla haujapitishwa. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na wewe ni mwananchi.

Najua utaogopa. Utaingia chumba cha watu wa suti, sauti ikukauke. Kila mtu humkauka mara ya kwanza. Dawa yake ni hesabu zako mwenyewe: bei kabla ya kodi, bei baada yake, wateja uliowapoteza. Malalamiko matupu wabunge wameyasikia tangu asubuhi. Tena usiombe nafuu ya duka lako peke yako ukaiita maslahi ya taifa. Watakutambua, na siku ukisema kweli hawatakusikiliza.

Narudi palepale nilipoanzia, kwenye kazi yenyewe, nivumilie. Huwezi kudai viwango bora mbele ya kamati huku stoo yako imejaa paneli feki. Soko hili ni la kuaminiana. Mama mmoja aliyeuziwa taa mbovu huwaonya wanawake wote wa chama chake, na hapo hakuna sera itakayokuokoa. Basi kama umeshaanza kuuza, na kuna mteja uliyemuuzia betri mbovu, nenda ukambadilishie wiki hii, hata kwa hasara. Ukitoka huko, njoo tuzungumze habari za Bunge.