Kuku Akizubaa, Weka Kisu Chini

Kila nyumba inayofuga inaijua desturi hii: kuku akianza kuzubaa, shingo imelegea, mtu anakimbilia kisu. Tumwahi kabla hajawa mzoga, tunasema. Kwa mafua ya ndege, hatari huanzia hapo. Virusi hujaa katika damu, kinyesi na makamasi ya ndege mgonjwa. Anayemchinja, anayemnyonyoa na anayemtoa matumbo wanavigusa na kuvivuta puani, na kazi ya kunyonyoa mara nyingi tunawapa watoto. Nyama ikiiva hadi ndani, nyuzi joto 70 na zaidi, virusi hufa. Kinachodhuru ni kile kinachotangulia sufuria.

Ugonjwa huu si wa mbali tu. Mwaka 1997, huko Hong Kong, watu 18 waliugua aina ya H5N1, na 6 wakafariki. Januari 2017 aina nyingine, H5N8, iliua ndege wa porini ufukweni Lutembe, karibu na Entebbe, Uganda, kisha ikapatikana kwa bata na kuku wa kufugwa huko Masaka. Ndege wahamiaji hutua ziwani, bata wetu huogelea maji yaleyale, na jioni hurudi kulala na kuku.

Kwa macho, ugonjwa huu hufanana mno na kideri, ambacho wengine huita mdondo: kuhara, kukoroma, kichwa kuvimba, kilemba kuwa cha zambarau, na vifo vingi kwa siku chache. Maabara ndiyo hutofautisha. Chanjo ya kideri haizuii mafua ya ndege, lakini usiiache: kuku waliochanjwa vizuri wakifa kwa wingi, utashtuka mapema kwamba kuna jambo jingine.

Basi wakianza kufa, mpigie afisa mifugo kabla ya kuwafukia, maana atataka sampuli. Waliobaki wafungie bandani. Usiwauze kwa bei ya kutupa. Najua kuku hao ndio sare na madaftari ya watoto, lakini kila anayeuzwa hupeleka ugonjwa kwenye banda la mwenzako. Mizoga usiwape mbwa wala paka, wala usiitupe ziwani. Ukilazimika kuigusa, funika pua na mdomo, vaa glovu, kisha nawa kwa sabuni, fua nguo na osha viatu. Na usiku, kuku wasilale jikoni wala chumbani, hata kama unaogopa wezi.

Ndani ya siku 10 tangu kugusana na ndege wagonjwa, mtu akipata homa, kikohozi, macho mekundu au pumzi kubana, asinunue dawa dukani. Aende kituo cha afya akiwa amefunika pua na mdomo, na neno lake la kwanza kwa mhudumu liwe kwamba kuku wamekufa nyumbani. Mhudumu asipoambiwa, huenda akapima malaria tu na kumrudisha, na dawa za virusi hivi husaidia zaidi zikianzwa mapema.