Shoka na Mpini Wake: Leseni ya Kazi na Msaada wa Dharura kwa Mwanafunzi

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, darsa ya toleo hili inahusu pesa kidogo: zile zinazomkwamisha mtu mlangoni baada ya kumaliza safari nzima. Mwanafunzi amesoma uuguzi miaka mitatu, amefaulu, na kilichobaki ni ada ya usajili kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga. Mwingine ana shahada ya sheria mkononi, lakini hapa Uganda hawezi kuwa wakili bila kupita Law Development Centre. Mwenzetu wa Kenya amehitimu ualimu, anarudi nyumbani na kuambiwa ajisajili kwanza TSC. Elimu wanayo. Ruhusa ya kuitumia bado.

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, na nimejiuliza maswali matatu. Je, leseni za kazi zina asili katika dini yetu? Je, mwanafunzi aliyekwama anaruhusiwa kuomba? Na sisi jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu tunawajibika vipi?

1. Leseni si jambo geni kwetu

Imepokelewa na Abu Dawud na wengine kwamba Mtume (S.A.W.) alibainisha hukumu ya mtu anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa ni tabibu: akidhuru, anabeba dhamana ya madhara aliyoyaleta. Mafakihi walijenga juu ya msingi huo. Mwili na mali ya mtu haviachwi mikononi mwa asiyethibitika kujua kazi yake.

Historia nayo inashuhudia. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipata habari kwamba mgonjwa amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka apimwe na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit. Wanahistoria wa tiba wanaeleza kwamba waliopimwa katika mji huo walizidi mia nane. Miji mingi ya Waislamu ilikuwa pia na muhtasibu, mtu wa kusimamia masoko na ufundi, akakagua mizani na kazi za mafundi.

Kwa hiyo tusiione bodi ya wauguzi au baraza la mawakili kama mzigo uliotoka nje. Kuwalinda watu na fundi asiyejua ni katika makusudio ya sharia. Imam al-Ghazali, katika kitabu cha elimu ndani ya Ihya, aliuhesabu utabibu kuwa fardhu kifaya. Akasikitika kuona miji isiyo na tabibu Mwislamu hata mmoja, huku watu wakisongamana kwenye elimu ya fikihi ambayo tayari ilikuwa na wanafunzi wa kutosha. Nikiwa mwanafunzi wa fikihi, maneno hayo nayasoma kwa kuinamisha kichwa.

2. Tunachoweza kujifunza kutoka vyuo vya jamii

Marekani kuna aina ya chuo kiitwacho chuo cha jamii. Kinafanana kidogo na vyuo vyetu vya kati. Kozi nyingi ni za miaka miwili au chini yake, ada ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na wanafunzi wengi ni watu wazima wanaofanya kazi na kulea watoto. Humo hutoka wauguzi, mafundi wa eksirei na wahudumu wa magari ya wagonjwa. Kwa kazi kama hizi cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Muuguzi lazima afaulu mtihani uitwao NCLEX, ambao wauguzi wetu wanaotaka kwenda huko wanaujua vizuri. Ada yake ni dola 200, na bodi ya wauguzi ya jimbo ina ada yake mbali.

Mambo mawili ya vyuo hivyo yanatufaa.

La kwanza ni uwazi. Kila jimbo la Marekani lina masharti yake ya leseni, na kozi inayokubalika jimbo moja huenda isikubalike jingine. Kwa hiyo kanuni za serikali kuu zinakitaka chuo kimweleze mwanafunzi waziwazi kama kozi ya taaluma yenye leseni inatimiza masharti ya mahali anapokusudia kufanya kazi. Sisi tunalijua somo hili kutoka sokoni Madina. Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Anayeuza kozi huku akijua kwamba haimfikishi mnunuzi kwenye leseni, naye ameficha nafaka mbichi chini ya lundo.

La pili ni msaada wa dharura. Chuo cha Amarillo, kaskazini mwa jimbo la Texas, kiliwauliza wanafunzi wake ni nini kinachowazuia kumaliza masomo. Walimu walitarajia kusikia hesabu ngumu na mitihani. Vizuizi vilivyotajwa juu kabisa vilikuwa vya maisha: chakula, kodi ya nyumba, usafiri, malezi ya watoto, bili ya umeme. Chuo kikaweka kituo cha huduma ndani ya kampasi, chenye akiba ya chakula, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, na fungu la pesa la kumwokoa mwanafunzi kabla hajaacha shule. Mwaka 2023 chuo hicho kilikuwa mmoja wa washindi wawili wa tuzo ya Aspen, inayotolewa kwa vyuo bora vya jamii nchini humo. Na wakati wa korona, kupitia sheria ya CARES ya mwaka 2020, serikali ya Marekani ilitenga zaidi ya dola bilioni 6 kwa vyuo ili ziwafikie wanafunzi moja kwa moja kama msaada wa dharura.

Fikra ya msaada huu ni nyepesi. Mwanafunzi aliyebakiza hatua moja akiacha kwa kukosa pesa ndogo, hasara si ya pesa hiyo tu. Miaka yake yote, ada ya wazazi wake na jasho la walimu wake vinasimama pamoja naye.

3. Hadithi ya Qabisa

Wengi wetu tumelelewa kuona haya kuomba, na haya ni katika imani. Lakini sharia imeweka mipaka yake. Katika Sahih Muslim kuna hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (R.A.). Alikuwa amebeba dhamana ya malipo kwa ajili ya kuwapatanisha watu, ikamwelemea, akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamwambia asubiri mpaka sadaka ifike, kisha akamfundisha kwamba kuomba ni halali kwa watu watatu. Wa kwanza ni aliyebeba dhamana kama yake, mpaka aipate kisha aache. Wa pili ni aliyefikwa na janga lililoangamiza mali yake, mpaka apate cha kumsimamisha. Wa tatu ni aliyepatwa na ufukara, na watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakashuhudia hivyo. Nje ya hao, mwombaji anakula haramu.

Tazameni hadithi moja ilivyopanga mambo. Kuna mfuko unaosubiriwa, kwa hiyo mhitaji hazunguki milango ya watu. Kuna sababu zinazotofautiana, na dhamana haipimwi kama ufukara. Kuna ushahidi wa watu wanaomjua mhitaji. Na kuna kikomo: akishasimama, anaacha. Mwanafunzi ambaye nyumba yao imechukuliwa na maporomoko Bududa, au baba yake amefariki katikati ya muhula, anaingia humu bila shaka. Haya isimzuie.

4. Je, leseni ni chombo cha kazi?

Hapa ndipo penye mjadala. Mtu atasema: huyu amehitimu, kijana, ana afya, na hadithi inasema sadaka haimfalii tajiri wala mwenye nguvu aliyekamilika. Akafanye kazi yoyote!

Jawabu naliona kwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii. Imam al-Nawawi katika al-Majmu anaeleza kwamba maskini mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya ufundi wake, viwe vya thamani ndogo au kubwa. Anayeuza mboga hutosheka na dirhamu chache, na muuza vito huhitaji maelfu. Vilevile aliyeshughulika na elimu ya sharia, hata kuchuma kukamkatia masomo, anahalalika kupewa zaka. Anayejitenga kwa ibada za sunna peke yake hapewi.

Sasa, chombo cha kazi cha muuguzi ni kipi leo? Sindano na kipimo cha presha atavikuta hospitali. Asichokikuta huko ni leseni. Bila hiyo nguvu zake zimefungwa na sheria, kama seremala asiye na randa. Ndiyo maana naona ada ya mtihani wa leseni au ya usajili, kwa maskini anayestahiki, inaingia katika hukumu ya chombo cha kazi. Huu ni ufahamu wa mwanafunzi, na masheikh wetu waulizwe kabla ya kutoa hata shilingi moja ya zaka.

Inanijia pia hadithi ya mtu wa Ansari aliyepokewa na Abu Dawud. Wanazuoni wa hadithi wameizungumzia sanad yake, lakini maana yake ina mashiko kwingine. Mtu huyo alikuja kuomba. Mtume (S.A.W.) akauza nguo na chombo cha kunywea alivyokuwa navyo, akapata dirhamu mbili. Moja ikawa ya chakula cha familia, ya pili ikanunua shoka. Mtume mwenyewe akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia akakate kuni. Baada ya siku kumi na tano akarudi na dirhamu kumi. Angalieni mpangilio: chakula cha leo hakikusahauliwa, na chombo cha kesho kikakamilishwa mpaka mpini.

Binamu yangu alikaa nyumbani miezi minane na diploma yake ya uuguzi, akikaanga chapati barabarani, kwa kukosa ada ya usajili. Katika miezi hiyo ukoo wetu ulichanga kwa arusi mbili, mahema na nyama vikapatikana. Hakuna aliyemkatalia. Hakuna aliyejua kwamba ada ya usajili ni jambo la kuchangiwa. Shoka lilikuwepo, mpini haukufikiriwa.

5. Tufanye nini hapa chuoni

Tukiwa wanachama 200 na kila mmoja akatoa shilingi 2,000 kwa mwezi, tunapata 400,000. Kwa muhula wa miezi minne ni 1,600,000. Haitamaliza shida za wote, lakini itawafungulia mlango wachache kila muhula. Napendekeza misingi hii:

*Mafungu mawili, daftari mbili.* Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Humilikishwa anayestahiki, na kwa rai ya wanazuoni wengi haikopeshwi. Sadaka ya kawaida ina nafasi pana: inaweza kutolewa, inaweza kukopeshwa kama qardh hasan bila nyongeza, na inaweza kumfikia jirani wa bweni asiye Mwislamu.

*Mashahidi watatu.* Watu watatu wanaomjua mwombaji, kwa mfano mwenzake wa chumba, kiongozi wa darasa na mwalimu. Watatu tu, na siri ibaki kwao na kwa mweka hazina. Jina lisisomwe msikitini.

*Haraka.* Ada ya mtihani ina tarehe ya mwisho. Jibu la ndiyo au hapana litoke ndani ya siku mbili. Msaada unaofika baada ya dirisha la usajili kufungwa haumfai mtu.

*Hesabu wazi.* Kila mwezi kiasi kilichoingia na kilichotoka kibandikwe ubaoni, bila majina ya waliosaidiwa.

*Kuuliza mapema.* Tuwafundishe wadogo zetu kuuliza kabla ya kulipa ada ya kwanza: kozi hii imeidhinishwa na NCHE? Baraza la taaluma yangu linaitambua? Kama nitafanya kazi Kenya au Tanzania, bodi ya kule itaikubali? Baada ya kuhitimu kuna ada zipi, na lini? Anayejua mapema huanza kuweka akiba mapema.

Maswali ya kujadiliana katika halaqa

1. Ni ipi tofauti kati ya aliyebeba dhamana, aliyepatwa na janga na fukara katika hadithi ya Qabisa? Toa mfano wa mwanafunzi kwa kila mmoja.
2. Je, kompyuta ya mwanafunzi wa uhandisi ni chombo cha kazi kwa kipimo cha al-Nawawi? Na ada ya leseni?
3. Tumejuaje kama yupo miongoni mwetu aliyekwama na anaona haya kusema?
4. Katika taaluma yako, ni hatua zipi na ada zipi zinakusubiri baada ya kuhitimu?

Swali la tatu lisiishie kwenye halaqa. Kila mmoja amtazame wa chumba cha pili, na mwenye fungu dogo la kuanzia amfikie mweka hazina wa jumuiya wiki hii.

Tunamwomba Allah atujaalie elimu yenye manufaa, riziki ya halali, na mikono inayotoa kabla ya kuombwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.