Mtama wa Kimea: Rangi ya Punje Isitudanganye

Bia ya kiwandani hupata uchungu wake kutokana na maua ya mmea uitwao hopsi, ambao aina zake huchaguliwa kwa kupima asidi za uchungu zilizomo. Mmea huo hustawi baina ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, kwenye majira yenye mchana mrefu. Kibaoni, katika Mkoa wa Katavi, iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, ambako mchana hauzidi sana saa 12. Kwa hiyo uteuzi unaomkabili mpika pombe wa huko si wa maua, bali ni wa nafaka ya kimea.

Punje iliyolowekwa na kuchipua huunda vimeng'enya viitwavyo amilasi. Hivyo ndivyo vigeuzavyo wanga wa uji kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. (Kimea hakitiwi katika uji unaochemka, maana joto kali huviharibu.)

Baadhi ya mitama ina tanini, ule ukakasi ushikao ulimi. Tanini hushikamana na protini, na vimeng'enya ni protini. Uji hubaki mzito, sukari huwa haba, na mama aliyetegemea pipa lile kwa karo ya watoto hupata hasara. Mbona basi mtama huo hupandwa? Kwa sababu kwelea kwelea nao hawaupendi. Serena, iliyozalishwa Serere, Uganda, ina punje za kahawia zenye tanini. Macia, iliyoidhinishwa Tanzania mwaka 1999, ni nyeupe, haina tanini, na shamba lake halina budi kuamiwa ndege.

Wengi hudhani kila mtama mwekundu una tanini. Sivyo. Wekundu waweza kuwa katika ganda la nje tu, ilhali tanini hufuatana na utando wa rangi ulio chini ya ganda hilo. Kwangua punje kwa wembe, nawe utauona utando huo ukiwapo. Maabarani, punje zikilowekwa katika mchanganyiko wa hipokloraiti ya sodiamu na hidroksidi ya sodiamu, zenye utando hugeuka nyeusi. Kemikali hizo huunguza ngozi na macho. Azishike mwalimu mwenyewe.

Kisha tieni vimea viwili katika vikombe viwili vya uji uleule uliopoa kiasi, mkichovya tone na kulitia iodini kila baada ya dakika 5. Penye kimea chenye nguvu, rangi ya buluu-nyeusi itatangulia kutoweka.