Redio ya Intaneti: Sauti Safi kwa Kipimo

Redio si ngeni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni 2 hapa Tanzania walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza pamoja, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Siku hizi redio husikika pia kwa kompyuta ya nyumbani. Baadhi yetu wamejaribu wakakata tamaa. Sauti inakwama-kwama, au bando linakwisha kabla ya taarifa ya habari. Katika somo hili tutaona sababu yake, na jinsi ya kupata sauti safi bila kutupa pesa.

1. Redio mbili, njia mbili

Redio ya kawaida hupokea mawimbi yanayotoka kwenye mnara. Ukiwasha wewe na jirani akawasha, hakuna anayelipia mawimbi hayo. Lakini FM haifiki mbali, na milima huizuia. Masafa mafupi hufika mbali, ila sauti hupanda na kushuka.

Redio ya intaneti ni tofauti. Kituo hugeuza sauti kuwa tarakimu na kuzituma vipande vipande. Kompyuta huviunganisha, sauti ikasikika. Mradi mtandao upo, kituo cha Zanzibar na cha London vinaweza kusikika kwa usafi uleule. Lakini kila msikilizaji huvuta vipande vyake mwenyewe, na kila kipande huhesabiwa kwenye bando lake. Hapo ndipo pesa inapokwenda.

2. Usafi wa sauti hupimwaje?

Hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Kilobiti zikiwa nyingi, sauti huwa na nafasi ya kuwa safi zaidi. Kilobiti 64 zinatosha kwa mazungumzo na habari. Kilobiti 128 zinafaa kwa muziki. Kilobiti 320 ni kwa mtu anayetaka kusikia kila chombo, na ana spika nzuri.

Namna ya kufunga sauti nayo ni muhimu. Namna mbili zinazotumika sana ni MP3 na AAC. Kwa kilobiti chache, AAC husikika vizuri kuliko MP3. Basi ukipewa kuchagua kati ya MP3 ya 64 na AAC ya 64, chukua AAC. Gharama ni ileile.

3. Tupige hesabu

Chukua kilobiti 128. Saa moja ina sekunde 3,600.

128 × 3,600 = kilobiti 460,800
460,800 ÷ 8 = kilobaiti 57,600
57,600 ÷ 1,000 = MB 57.6

Kwa hiyo saa moja hula kama MB 58. Kwa njia hiyo hiyo:

Kilobiti 64: MB 29 kwa saa. GB 1 hutosha saa 34.
Kilobiti 128: MB 58 kwa saa. GB 1 hutosha saa 17.
Kilobiti 320: MB 144 kwa saa. GB 1 hutosha karibu saa 7.

Kweli matumizi huzidi kidogo, maana vipande husafiri na anwani zake. Lakini umeona? Anayesikiliza habari kwa kilobiti 320 analipia mara tano ya mwenzake wa kilobiti 64, na habari ni zile zile!

4. Mambo ya kufanya

(a) Weka programu ya VLC. Ni ya bure. Kwenye Windows bonyeza Ctrl na N pamoja, kisha andika anwani ya matangazo ya kituo. Redio ikianza, bonyeza Ctrl na J. Utaona namna ya kufunga sauti, na mara nyingi kilobiti pia.

(b) Zuia wizi wa bando. Kompyuta hujipakulia masasisho kimyakimya. Katika mipangilio ya mtandao ya Windows, chagua kwamba intaneti yako ni ya kupimwa. Funga pia video na kurasa usizozitumia.

(c) Sauti ikikwama, usikimbilie kulaumu kompyuta. Programu huweka akiba ndogo ya sauti, kama pipa la maji chini ya bomba. Bomba likitoa kidogo kuliko mnavyochota, pipa hukauka. Chagua matangazo ya kilobiti chache zaidi.

(d) Spika za ndani ya kompyuta ni ndogo, haziwezi kutoa besi. Unganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye spika kubwa, au kwenye redio yenye tundu la kupokea sauti. Mtashangaa.

5. Faida ya kukaa pamoja

Watu 10 wakisikiliza kila mtu kwake, hulipia mara 10. Wakikaa kwenye kompyuta moja yenye spika nzuri, hulipia mara moja, na mjadala wanaupata hapo hapo. Waliosikiliza pamoja mwaka 1973 walijua faida hii. Nasi tusiiache.

Maswali ya kujadili

1. Kikundi chenu kinasikiliza saa 1 kila siku kwa kilobiti 64. Mtatumia MB ngapi kwa siku 30?
2. Bando la GB 1 kwenu ni shilingi ngapi? Kila mwanakikundi achange kiasi gani?
3. Ni vipindi gani vinahitaji sauti safi zaidi, na vipi havihitaji?