Kipimo cha Mwaka Upi? Uchumi wa Kenya na Tanzania Ukitazamwa kutoka Kiamaiko

Aliyewahi kupita Kiamaiko alfajiri anaujua mtaa huo kwa pua kabla ya kuuona kwa macho. Malori yaliyokesha njiani kutoka Moyale, Marsabit na Isiolo huwa yamekwisha kushusha mbuzi. Madalali wako mbioni. Na kabla jua halijachomoza, nyama imekwisha kutoka machinjioni kuelekea bucha za jiji zima. Hakitupwi kitu. Vichwa na miguu huenda kwa wapika supu, matumbo kwa akina mama wa Huruma na Mathare, ngozi kwa wenye kiwanda. Mtaa huu, uliobanwa baina ya Huruma na Kariobangi katika eneo bunge la Mathare, haumo katika vitabu vya uchumi tunavyosomeshwa, lakini ndiko swali la makala haya lilikozaliwa.

Mzee mmoja Mborana, dalali wa siku nyingi, alipojua kwamba mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliniuliza: "Mwanangu, nyinyi mnaosoma mtuambie. Kati yetu na Tanzania, nani amemshinda mwenzake?" Nilijibu upesi, kama mwanafunzi aliyehofia kuonekana hajui. Nilimwambia kwamba pato la taifa la Kenya likigawanywa kwa kila kichwa ni takribani dola 2,000 za Marekani kwa mwaka, na la Tanzania ni takribani dola 1,200. Basi Kenya ndiyo mshindi. Mzee akatazama lori lililokuwa likishusha mbuzi, kisha akauliza: "Hizo dola elfu mbili, Moyale zilifika?"

Sikuwa na jibu. Makala haya yanadhamiria kulitafuta, na katika kulitafuta kumwonyesha msomaji kwamba kulinganisha uchumi wa nchi mbili ni kazi yenye mitego miwili mikubwa: mtego wa mwaka na mtego wa wastani.

Chimbuko

Wataalamu wa sayansi ya jamii wameipenda Kenya na Tanzania kama wanafunzi wa kemia wanavyopenda chupa mbili zenye maji yaleyale, moja ikitiwa chumvi na nyingine sukari. Nchi hizi ni majirani, zote zilitawaliwa na Mwingereza, zilipata uhuru zikipishana miaka miwili (Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, Kenya tarehe 12 Desemba 1963), na zilitumia sarafu moja hadi mwaka 1966. Mnamo 1994 Joel Barkan alihariri kitabu kizima cha kuzilinganisha, na hakuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Hata hivyo, maji ya chupa hizo hayakuwa sawa tangu awali. Nairobi ilikuwa kitovu cha reli, cha benki na cha viwanda vya walowezi, na bidhaa zake ziliuzwa Dar es Salaam na Kampala bila kutozwa ushuru wa forodha. Tanganyika kwa upande wake ilikuwa koloni la Mjerumani, kisha dhamana ya kimataifa mikononi mwa Mwingereza ambaye hakuwa na haja kubwa ya kujenga viwanda kule. Anayesema kwamba Kenya ilitangulia kwa sababu ya ubepari wake baada ya uhuru anasahau kwamba ilikuwa imekwisha kutangulia kabla bendera haijapandishwa.

Njia panda yenyewe ilifikiwa kati ya 1965 na 1967. Serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, uliosimamiwa na Tom Mboya, waziri wa mipango. Jina lilikuwa la ujamaa, lakini kiini chake kilikuwa soko na mali ya mtu binafsi. Ndani yake mlikuwa na kauli ambayo msomaji aitie akilini, kwani tutairudia: kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza katika maeneo ambayo ardhi, mvua na barabara zake zingeleta faida ya haraka, na maeneo mengine yangenufaika baadaye. (Miongoni mwa walioukosoa waraka huo mwaka huohuo alikuwa mwanauchumi Barack Obama, baba wa rais wa baadaye wa Marekani.) Tanzania ilijibu kwa Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967: benki na makampuni makubwa yakataifishwa, na baadaye, hasa kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya wakulima wakahamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu. Tangu hapo majirani hawa walianza kutupiana vijembe. Watanzania waliiita Kenya nchi ya manyang'au, ambamo mtu humla mtu. Wakenya wakajibu kwamba heri hiyo kuliko nchi ambamo mtu hana cha kula.

Mwaka upi?

Tuseme mwanafunzi anaulinganisha uchumi wa nchi hizi akiwa amesimama mwaka 1985. Uamuzi wake hauna shaka. Kenya ilikuwa imefaidi bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuiharibu mibuni ya Brazil. Tanzania ilikuwa imepigwa na ukame, na bei ya mafuta iliyopanda mara mbili katika mwongo mmoja, na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vilipatikana kwa foleni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi, lakini bidhaa hazikurudi madukani kwa kukamatwa wenye maduka. Mwalimu Nyerere aling'atuka 1985, na mwaka uliofuata serikali ya Mzee Mwinyi ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Mwanafunzi huyohuyo akisimama mwaka 1993, kizungumkuti kinaanza. Kenya ndiyo sasa iliyokuwa taabani. Wafadhili walikuwa wamezuia misaada tangu Novemba 1991, fedha nyingi zilikuwa zimemwagwa sokoni wakati wa uchaguzi wa 1992, kashfa ya Goldenberg ilikuwa imeikausha hazina, na mfumuko wa bei ulizidi asilimia 40. Katika mwongo ule wa 1990 uchumi wa Kenya ulikua polepole kuliko idadi ya watu wake. Yaani, kwa hesabu ya kila kichwa, Mkenya alizidi kufukarika. Hakuna azimio la ujamaa lililomfikisha hapo.

Kuanzia mwaka 2000 Tanzania ilikua kwa takribani asilimia 6 hadi 7 karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka 15, ikisaidiwa na dhahabu ya Kanda ya Ziwa, utalii na ujenzi. Kenya nayo iliinuka baada ya 2002 hadi kufikia karibu asilimia 7 mwaka 2007, kisha ghasia za baada ya uchaguzi zikaiangusha: mwaka 2008 ukuaji wake haukufika hata asilimia 2, ilhali wa Tanzania ulizidi 5. Hapa Kiamaiko, na kwa jirani zake Huruma na Mathare, hakuna anayehitaji takwimu ili kuukumbuka mwaka ule.

Kwa hiyo anayetaka Kenya ishinde huchagua 1985, na anayetaka Tanzania ishinde huchagua 2008. Fauka ya hayo, kipimo chenyewe hubadilika. Mwaka 2014 Kenya ilisahihisha namna ya kulikokotoa pato lake, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa takribani robo kwa mara moja. Ndivyo nchi ilivyoingia katika kundi ambalo Benki ya Dunia huliita la kipato cha kati cha chini. Hakuna mbuzi hata mmoja aliyeongezeka Kiamaiko siku ile. Tanzania iliingia kundi hilohilo Julai 2020.

Kosa jingine la wanafunzi wengi ni la sarafu. Shilingi hizi mbili zilizaliwa mwaka 1966 zikiwa na thamani sawa, mojawapo ya takribani saba kwa dola. Leo shilingi moja ya Kenya hununua takribani 20 za Tanzania, na nimewahi kusikia darasani ikidaiwa kwamba hiyo ni ishara ya uchumi wetu kuwa na nguvu mara 20. La hasha. Hiyo ni kumbukumbu tu ya mfumuko wa bei uliopita, hasa ule wa miaka ya 1980, na ya kushushwa kwa thamani ya shilingi ya Tanzania kutoka takribani 17 kwa dola mwaka 1985 hadi karibu 200 mwaka 1990. Sarafu hupimwa kwa kile inachonunua nyumbani kwake. Wastani wa kila kichwa ukisahihishwa kwa tofauti ya bei, pengo baina ya Mkenya na Mtanzania hupungua.

Wastani wa nani?

Turudi kwa mzee na Moyale yake. Waraka wa 1965 uliposema kwamba maeneo yenye faida ya haraka yatangulie, kaskazini mwa Kenya palihukumiwa kungoja. Palingoja kwa muda gani? Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010, yaani nusu karne baadaye. Kabla yake lori la mbuzi lingeweza kukwama siku kadhaa katika matope au vumbi, na kila mbuzi aliyekufa njiani alikuwa hasara ya mfugaji. Kiamaiko yenyewe ni zao la waraka ule: soko halikupelekwa kwa mfugaji, basi mfugaji akalifuata soko hadi Eastlands, na kulipanga kati ya nyumba za watu.

Msomaji asidhani kwamba Tanzania, kwa kuwa ilihubiri usawa, haikuwa na Moyale yake. Mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara, ilikatwa na mto Rufiji kila masika hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Vijana wa huko walimiminika Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi, na wengi hulihusisha neno "machinga" na Wamachinga wa Lindi. Sisi tuna "jua kali", wao wana "machinga", na maneno yote mawili yanataja watu ambao mipango rasmi haikuwatarajia. Shirika la Kazi Duniani ndilo lililoieneza dhana ya sekta isiyo rasmi ulimwenguni, na lilifanya hivyo katika ripoti yake ya 1972 juu ya Kenya.

Tofauti ya kale ya usawa nayo imefifia. Kwa kipimo cha Gini, ambapo sufuri ni usawa kamili na 100 ni mtu mmoja kumiliki kila kitu, makadirio ya Benki ya Dunia yaliiweka Kenya karibu na 41 mwaka 2015 na Tanzania karibu na 40 mwaka 2018. Nchi ya manyang'au na nchi ya Azimio zimekutana mahali pamoja.

Lugha na mpaka

Je, hakuna basi kilichobaki cha tofauti ile ya 1967? Kipo, na kinatuhusu sisi wanachama wa chama cha Kiswahili kuliko wanauchumi wenyewe. Mwaka 2004 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliozilinganisha wilaya mbili, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, mahali penye mchanganyiko mkubwa wa makabila palichanga fedha kidogo zaidi kwa ajili ya shule zao. Meatu, mchanganyiko haukuwa na athari hiyo. Maelezo yake yalielekea kwenye sera za ujenzi wa taifa: lugha moja kuanzia shule ya msingi, mtaala uliomfundisha mtoto utaifa, na serikali za mitaa zisizofuata ukoo. Utafiti wa wilaya mbili si sheria ya ulimwengu, lakini unaonyesha kwamba lugha yaweza kuwa rasilimali kama barabara, ingawa haionekani katika pato la taifa la mwaka wowote. Ninapomsikiliza Mborana akipatana bei na Mkikuyu pale Kiamaiko, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa sarufi angekitilia mistari myekundu, naona mtaji unaofanya kazi bila kuandikwa popote.

Mpaka nao umeziumiza nchi zote mbili kila ulipofungwa. Tanzania iliufunga mwaka 1977, na ukafunguliwa tena mwaka 1983. Hata baada ya Jumuiya kufufuliwa kwa mkataba wa 1999, kisirani hakikwisha: mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho, na kuteketeza vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga, Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania. Mwaka huohuo, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzuru Nairobi mwezi Mei, biashara iliongezeka hata Kenya ikanunua kutoka Tanzania zaidi ya ilivyouza huko. Kitunguu kinachokaangwa pamoja na nyama ya Kiamaiko mara nyingi kimetoka ng'ambo ya Namanga.

Nilirudi kwa mzee nikiwa na takwimu za kaunti, ambazo serikali ilianza kuzichapisha mwaka 2019. Nairobi peke yake hubeba zaidi ya sehemu moja kwa tano ya pato la Kenya. Alitaka kujua mbuzi wake huhesabiwa wapi. Nilimweleza kwamba anapofugwa huhesabiwa Marsabit, lakini kazi ya kumchinja, kumuuza na kumpika huhesabiwa Nairobi, na huko ndiko thamani inakoongezeka zaidi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Watanzania nao huhesabu hivyo. Nilimjibu kwamba ndivyo. Dar es Salaam huandikiwa takribani asilimia 17 ya pato lao, na ng'ombe wengi wanaoliwa huko hawakuzaliwa huko.