SOMO LA KUMI NA MBILI: MALKIA WA SISIMIZI NA MAKOSA YA WANAOMKAMATA

Katika masomo yaliyopita umejifunza kwamba nyuki na mchwa huishi katika jamii kubwa, na kwamba kila jamii ina malkia wake. Sisimizi nao huishi hivyo hivyo. Katika somo hili utajifunza jinsi malkia wa sisimizi anavyoanza maisha yake. Utajifunza pia kwa nini watu wengi wanaomkamata kwa kujifurahisha hupata hasara, na kwa nini hasara hiyo huwaangukia hata watu wengine na mazingira yao.

Katika nchi nyingi, hasa za Ulaya, wako watu wanaofuga sisimizi nyumbani kama wengine wanavyofuga njiwa. Humkamata malkia mmoja, humweka ndani ya neli ya kioo yenye maji na pamba, kisha husubiri atage mayai na jamii ianze. Hawatafuti asali wala nyama. Hutaka kutazama tu. Kutazama wadudu kwa makini ni kazi njema, nayo ni mwanzo wa sayansi. Lakini anayekamata asichokijua huharibu kile kile alichotaka kukitazama.

A. Maisha ya malkia

Sisimizi unaowaona kila siku wakibeba makombo ni wafanyakazi. Wote ni wa kike, nao hawana mbawa. Mara chache kwa mwaka, hasa baada ya mvua za kwanza, hutoka kiotani sisimizi wenye mbawa. Baadhi yao ni madume, na wengine ni malkia wachanga. Huruka na kupandana. Madume hufa muda mfupi baadaye.

Malkia aliyekwisha kupandana hutua chini na kuziangusha mbawa zake mwenyewe. Kisha hutafuta mahali pafaapo, huchimba shimo dogo na kujifungia humo. Tangu siku ile hatapandana tena. Mbegu za kiume alizopokea huzihifadhi mwilini na kuzitumia kidogo kidogo maisha yake yote.

Kwa sisimizi wa aina nyingi, malkia aliye shimoni hali chakula kwa majuma kadhaa. Misuli iliyokuwa ikiendesha mbawa huyeyuka ndani ya mwili wake. Misuli hiyo, pamoja na mafuta aliyojiwekea, huwa chakula chake na cha mabuu yake. Wafanyakazi wa kwanza huwa wadogo sana kwa sababu walilelewa katika njaa. Hao ndio wanaofungua shimo na kwenda kutafuta chakula. Baada ya hapo kazi kubwa ya malkia ni kutaga.

Malkia akinusurika huweza kuishi miaka mingi. Huko Ulaya, malkia mmoja wa sisimizi weusi wa bustanini alifugwa akaishi zaidi ya miaka 28. Lakini wanaonusurika ni wachache. Siku ya kuruka wengi huliwa na ndege, mijusi, vyura, na hata sisimizi wa viota vingine. Kwa hiyo unapomwona malkia mmoja akitembea peke yake baada ya mvua, usidhani umeona mdudu mmoja. Umeona chanzo cha jamii nzima.

B. Makosa ya kumtambua

Kosa la kwanza la wakamataji ni kukamata mdudu asiye malkia wa sisimizi.

Wengi hukamata kumbikumbi. Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, nao hutoka wakati wa mvua kama sisimizi. Tofauti zao ni hizi:

1. Kiuno cha sisimizi ni chembamba sana. Kumbikumbi hana kiuno kinachoonekana. Kifua chake kimeungana moja kwa moja na tumbo.
2. Vipapasio vya sisimizi vimepinda kama kiwiko cha mkono. Vipapasio vya kumbikumbi havikupinda. Vinafanana na uzi wa shanga ndogo.
3. Mbawa za mbele za sisimizi ni ndefu kuliko za nyuma. Mbawa nne za kumbikumbi zina urefu ulio sawa.

Kumbikumbi wa kike aliyefungiwa peke yake hawezi kuanzisha jamii. Mchwa huwa na malkia na mfalme wakiishi pamoja, lakini dume la sisimizi huwa limekwisha kufa. Mkamataji asiyejua tofauti hii hungoja bure hadi mdudu wake afe.

Wengine hukamata dume la siafu. Huenda umewahi kumwona mdudu mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye mbawa na tumbo refu lililo nene kama kidole, akizunguka taa usiku. Watu wengi humdhania kuwa nyigu, na wengine humdhania kuwa malkia kwa sababu ya ukubwa wake. Huyo ni dume la siafu. Malkia wa siafu hana mbawa hata siku moja, wala haji kwenye taa.

Kosa jingine ni kumkamata malkia mapema mno. Tuseme umewaona sisimizi wenye mbawa wakitoka shimoni, ukamchukua mmoja wa kike kabla hajaruka. Huyo hajapandana. Huweza kukaa nawe kwa miezi bila kutaga. Hata akitaga, mayai yasiyorutubishwa hutoa madume tu, na dume hafanyi kazi ya kiota. Jamii haiwezi kuanza.

C. Makosa ya kumtafuta

Mkamataji mwenye haraka hangoji siku ya kuruka. Huchukua jembe na kufukua kiota. Kosa hili ni baya kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu malkia hukaa ndani kabisa, na mara nyingi jembe humkata kabla hajaonekana. Hata akipatikana mzima, jamii yake imekwisha kuharibiwa: mayai yamekauka juani, mabuu yametapakaa, na vijia vya ardhini vimeziba. Katika aina nyingi za sisimizi, jamii iliyompoteza malkia haiwezi kupata mwingine. Wafanyakazi hufa mmoja mmoja hadi kiota kibaki kitupu.

Mfukuaji mwenyewe naye huweza kuumia. Siafu hushambulia kwa pamoja, na taya zao hung'ang'ania ngozi. Sungusungu huchoma kwa mwiba ulio mwishoni mwa tumbo, na maumivu yake ni makali. Mtu akichomwa mara nyingi, au akivimba uso na kupumua kwa shida, apelekwe zahanati mara moja.

Fikiria pia majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya miembe na minazi kwa nyuzi zitokazo kwa mabuu yao. Katika mwambao wa Tanzania na visiwa vya Zanzibar, majimoto huwala na kuwafukuza kunguni wa minazi. Kunguni hao hufyonza nazi changa hata zikaanguka kabla ya kukomaa. Jamii moja ya majimoto hutawala miti kadhaa na kuwa na viota vingi, lakini malkia hukaa katika kiota kimoja. Mtoto akikata kiota hicho ili ampate malkia, mkulima atapungukiwa na nazi bila kujua sababu.

D. Makosa ya kumtunza

Tuseme sasa malkia aliyepandana amekamatwa bila kuumizwa. Hata hivyo wengi hufa mikononi mwa watunzaji. Sababu kubwa ni hizi:

1. Joto. Chupa iliyofungwa ikiachwa juani, hewa ya ndani hupata joto haraka, na malkia hufa kabla ya saa nyingi kupita. Shimoni mwake kuna kivuli na ubaridi wakati wote.
2. Maji. Pamba iliyolegea hupitisha maji, na malkia huzama. Pamba ikikauka, hufa kwa kiu.
3. Chakula kisichohitajika. Mtunzaji humhurumia na kumwekea sukari na makombo. Chakula huota ukungu, na ukungu huua mayai. Umejifunza hapo juu kwamba malkia wa aina nyingi hahitaji chakula wakati huu.
4. Kusumbuliwa. Mtunzaji hufungua na kutikisa chupa kila siku ili aone kama mayai yapo. Malkia aliyeshtushwa mara kwa mara huyala mayai yake mwenyewe.
5. Kuwaweka wawili pamoja. Malkia wa aina nyingi hawavumiliani. Hupigana hadi mmoja afe.

Ukiyatazama makosa haya utaona yana chanzo kimoja. Malkia anahitaji giza, unyevu na utulivu, na mtu humpa mwanga, joto na wasiwasi.

E. Makosa ya kumhamisha

Wako wanaochoka na ufugaji, wakamwachilia malkia mahali popote. Wengine huwasafirisha malkia hadi nchi za mbali. Kosa hili halionekani upesi, lakini madhara yake ni makubwa.

Huko Laikipia, nchini Kenya, waliingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, ambao hudhaniwa asili yao ni kisiwa katika Bahari ya Hindi. Sisimizi hao waliwaua sisimizi wenyeji waliokuwa wakiishi juu ya migunga na kuilinda kwa kuwauma tembo. Ilipokosa ulinzi, migunga mingi ilivunjwa na kuliwa na tembo. Nchi ikawa wazi. Simba wakakosa mahali pa kujificha wanapowinda punda milia, wakaanza kuwinda nyati zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2024. Tazama jinsi mdudu mdogo alivyobadilisha chakula cha simba!

Kumwondoa malkia mahali pake nako kuna hasara. Katika Kenya wanaishi sisimizi wavunaji wakubwa, ambao wanasayansi huwaita Messor cephalotes. Malkia wao ana urefu wa zaidi ya sentimita 2. Wafanyakazi hukusanya mbegu za nyasi na kuziweka ghalani chini ya ardhi. Mbegu nyingine hupotea njiani na kuota mahali papya, na vijia vyao hupitisha hewa na maji udongoni. Wafugaji wa Ulaya na Asia huwapenda sana sisimizi hawa na huwanunua kwa bei kubwa.

Mwezi wa Aprili 2025, vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000. Malkia hao walikuwa wamefungwa katika neli zaidi ya 2,200 zilizotiwa pamba. Vijana hao walieleza mahakamani kwamba waliwakusanya kwa kujifurahisha na hawakujua kuwa ni kosa. Tarehe 7 Mei 2025, mahakama iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 za Kenya, au kifungo cha miezi 12. Mwanafunzi, hesabu mwenyewe: malkia 5,000 wangeweza kuwa jamii ngapi? Hata kama wengi wangekufa, jamii zilizopotea hazikuwa chache. Wanyama wadogo nao ni mali ya nchi, na kutojua sheria hakumwondolei mtu kosa.

F. Kazi ya kufanya

Kazi hii ifanywe pamoja na mwalimu, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa ya kwanza. Utamtazama malkia bila kumchukua.

Vifaa: karatasi, kalamu ya risasi, rula, vijiti na lenzi ya mkono kama ipo.

1. Tembeeni polepole katika uwanja wa shule. Tafuteni sisimizi mkubwa anayetembea peke yake. Msifukue kiota chochote.
2. Ukimwona, usimshike. Chuchumaa na umtazame. Je, ana mbawa, au ana makovu ya mahali zilipokuwa? Kiuno chake kikoje? Vipapasio vyake vimepinda?
3. Weka rula karibu naye na ukadirie urefu wake. Mchore.
4. Akianza kuchimba, chomeka vijiti vinne kuzunguka mahali hapo ili watu wasipakanyage. Andika tarehe.
5. Patembelee mahali hapo kila juma bila kupachimba. Andika siku utakayowaona wafanyakazi wadogo wa kwanza. Ikiwa hawakutokea, andika hivyo pia. Hilo nalo ni jibu la kisayansi, kwa maana malkia wengi hawafanikiwi.

Mambo ya kukumbuka

Malkia wa sisimizi hupandana siku ya kuruka tu, na baadaye hutaga maisha yake yote. Asiyemtambua hukamata kumbikumbi au dume. Afukuaye kiota huua jamii nzima. Amhamishaye huweza kuleta madhara katika nchi mbili: ile aliyomtoa na ile anayompeleka. Mtazamaji mzuri hujifunza mengi na kumwacha malkia mahali pake.

Maswali

1. Taja tofauti tatu kati ya kumbikumbi na sisimizi mwenye mbawa.
2. Kwa nini malkia wa aina nyingi haihitaji kupewa chakula katika majuma ya kwanza?
3. Mtoto alimkamata malkia aliyekuwa bado hajaruka, akamtunza vizuri kwa miezi mitatu, lakini hakupata wafanyakazi. Eleza sababu.
4. Eleza, hatua kwa hatua, jinsi sisimizi wageni walivyowafanya simba wa Laikipia wabadilishe mawindo.
5. Rafiki yako anataka kukata kiota cha majimoto kilicho juu ya mnazi wa jirani. Utamweleza nini?